Nyayo Tatu Nilizozipeleka Johannesburg

Wenzangu wa mazoezi ya asubuhi, tangu nirudi mmeniuliza habari za safari mpaka nimechoka kujibu "nzuri tu". Nimeamua kuandika. Nikisimulia kwa mdomo pale uwanjani nitaruka mahali, najijua, na mahali nitakaporuka ndipo penyewe. Basi someni kwa zamu, na anayesoma asiharakishe.

Mnajua nilikokuwa nakwenda na kwa nini niliondoka mbiombio. Kocha Bogna alikuwa anauza nyumba yake Johannesburg na kurudi Poland kwa mdogo wake, na ndege yake ilikuwa Jumapili. Ana miaka sabini na kitu. Akishafika kule, mimi mwalimu mstaafu wa Morogoro nitamfuata na nini? Kulikuwa na neno nililopaswa kumwambia ana kwa ana. Hilo neno sikumwambia yeyote hapa, hata Asteria, ambaye aliniletea vitumbua vya njiani na kunisindikiza stendi Jumatatu asubuhi.

Morogoro hadi Tunduma

Hapa hakuna cha kusimulia. Basi lilikwenda, watu walisinzia, tulikula chipsi mayai Makambako. Niliketi upande wa jua kwa ujinga wangu mwenyewe. Kwenye kilima kimoja tulisubiri lori lililokwama kwa muda wa kutosha kumaliza vitumbua vyote vya Asteria, na jirani yangu wa kiti, dada wa Mbozi, aliniambia vilikuwa na iliki nyingi mno. Alikuwa amekula vinne.

Nakonde hadi Lusaka

Ng'ambo ya mpaka nilipata basi la Lusaka na jirani mwingine, mzee wa Kasama aliyewahi kuendesha malori ya shaba hadi Dar es Salaam kwa miaka mingi. Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani, kizito na kisicho na aibu. Aliniita "sister" dakika tano za kwanza, kisha akahamia "mama mwalimu" baada ya mimi kumsahihisha aliposema "kitu mimi nataka".

Mbele kidogo ya Mpika injini ilikata roho. Tulishuka, tukakaa kwenye majani. Kina mama wa kijijini walituletea mihogo ya kuchoma na viwavi waliokaangwa, na mzee akanilazimisha nionje. Nilionja. Wana ladha ya dagaa waliokosa chumvi, na sitaki kuulizwa tena. Fundi alitumwa mjini na hakurudi hadi jua lilipoanza kwenda chini. Nilikuwa nikihesabu siku zilizobaki kabla ya Jumapili, mzee akaniona midomo inachezacheza.

"Mama mwalimu, wewe naomba ama wewe nahesabu?"

Ndipo nikamsimulia. Sijui kwa nini yeye. Pengine kwa sababu nilijua nisingemwona tena.

Nilimwambia kwamba nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilikuwa mkimbiaji, na kocha wetu alikuwa mwanamke wa Kipolandi aliyeletwa kufundisha riadha. Yeye mwenyewe alikuwa mkimbiaji wa mbio fupi wa kwao, aliyewahi kusimama jukwaani Ulaya na medali ya fedha ya mbio za kupokezana vijiti. Alitufundisha kupokea kijiti bila kugeuka nyuma. Anayepokea hutazama alama iliyowekwa chini nyuma yake. Mwenzake anayekuja akiikanyaga ile alama, yeye huchomoka mbele kwa nguvu zote, anapeleka mkono nyuma na kuamini. Kila mmoja alipima alama yake kwa nyayo zake mwenyewe, kisigino kwa kidole, na kocha aliweka mstari wa unga wa sembe mahali hesabu ilipoishia. Yangu ilikuwa nyayo ishirini na mbili. Aliiandika kwenye daftari.

Mimi nilikuwa wa mwisho, na aliyekuwa ananiletea kijiti ni Asteria. Siku ya mashindano makubwa, yale ambayo wateuzi wa timu ya taifa walikuja kutazama, nilitoka peke yangu asubuhi nikaisogeza alama nyuma nyayo tatu. Ziwe ishirini na tano. Nilitaka kuondoka mapema zaidi, kijiti kinikute nikiwa tayari kwenye kasi, wateuzi wanione. Unga wa sembe niliutoa mfukoni.

Asteria alipoikanyaga ile alama nilichomoka. Nilipeleka mkono nyuma, nikakuta hewa. Nikapeleka tena, hewa. Kijiti kilinifikia tukiwa tumeshavuka mstari wa mwisho wa eneo la kupokezana, na mwamuzi akainua bendera nyekundu. Tulitolewa. Kamati ilipouliza, kocha alisema maneno manne, "Hesabu ilikuwa yangu, nimekosea." Hawakumwongezea mkataba. Alikwenda kufundisha michezo kwenye shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini nje ya mji wetu, akaolewa na mwalimu wao wa useremala, na walipopata uhuru wao akaondoka naye. Mimi nilinyamaza. Niliogopa kuachwa nje ya timu, na sikuachwa.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akatema ganda la muhogo.

"Nyayo tatu tu? Mimi nilipindua trela nzima ya shaba pale mlima Kitonga, na tajiri nilimwambia ni breki."

Nilicheka kuliko ilivyostahili. Lakini moyoni niliona haya, kwa sababu yeye aliyatamka ya kwake kana kwamba anataja bei ya nyanya, na mimi yangu yamenikalia kifuani zaidi ya miaka thelathini.

Lusaka hadi mto Limpopo

Basi la Johannesburg lilikuwa limeshaondoka. Nililala kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, nikapanda la Alhamisi. Zimbabwe tuliipita kwa sehemu kubwa nikiwa nimelala mdomo wazi, hivyo sina sifa wala lawama za kuitolea.

Kwenye mpaka wa Limpopo tulipoteza karibu Ijumaa yote. Foleni ilikuwa imejikunja mara tatu. Mbele yangu alikuwepo mwanamke wa Masvingo mwenye mtoto mgongoni, naye alinishikia nafasi nilipokwenda kunywa maji, nami nikamshikia mtoto alipokwenda yeye. Afisa wa Afrika Kusini aliniuliza kwa Kiingereza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia nimekuja kumwona kocha wangu. Akanitazama kuanzia kichwa hadi miguuni, mama mwenye kilo zake na kitenge kiunoni, akamwita mwenzake aje asikie. Waliniuliza nakimbia umbali gani. Nikajibu mita mia, kwa uso mkavu. Wakanigongea muhuri huku wanacheka, na yule wa pili akanitakia ushindi.

Daraja nilikuwa nimeshalivuka kwa miguu. Siku moja na nusu zilikuwa zimebaki.

Park Station hadi Hillbrow

Tulifika Jumamosi asubuhi. Aliyenipokea ni Mama Nsimire, msusi kutoka Bukavu. Binti yake Grâce ni mmoja wa wasichana wa Kocha Bogna, na ndiye mama huyuhuyu aliyenitumia ujumbe kwamba kocha anaondoka. Mwaka jana nilikuwa nimeandika jina la kocha kwenye ukurasa wa mtandaoni wa wakimbiaji wa zamani, Mama Nsimire akalikuta, tukaanza kusalimiana kwa simu. Nilimtambua kwa sauti kabla ya sura.

"Mama Rehema! Pole na njia. Balikuibia kitu? Hapana? Basi Mungu iko."

Aliubeba mfuko wangu kifuani kama mtoto, akanipitisha katikati ya wauza viazi, wauza chaja na wahubiri wawili waliokuwa wakishindana kwa vipaza sauti, hadi Hillbrow. Anaishi ghorofa ya tisa. Kwenye lifti nilifanya tunavyofanya kwetu, nikawasalimu wote, mmoja mmoja, na habari za asubuhi. Kijana mmoja alikumbatia begi lake. Mwanamke mwingine akashuka ghorofa ya nne, na nina hakika haishi ghorofa ya nne.

"Huku hatusalimiaka watu mu lift," Mama Nsimire aliniambia tulipotoka. "Banafikiri unaomba kitu, ama uko wa kanisa."

Alinipikia bugali, ndivyo waitavyo ugali, na sombe, ambayo ni kisamvu chetu kisicho na nazi, kimejaa mawese. Nilikula mara mbili. Alilalamika kwamba nakula kama kandege, yaani kidege. Sebuleni kwake kuna viti viwili vya kusukia, kioo kikubwa, na picha ya Grâce akikata utepe wa mwisho, mdomo umekunjamana kwa juhudi.

"Huyu, mama, mbele alikuwa anaogopa kutoka mu nyumba. Kule shuleni balikuwa banamuita mgeni, mgeni. Bogna alikuja hapa, alipanda ngazi yote kwa miguu, lift ilikufa ile siku. Alisema, nipe huyu mtoto Jumamosi tu. Nilisema hapana. Jumamosi ingine alirudi. Ngazi tena! Sasa ungefanya nini?"

Huyo ndiye. Nilimtambua kwa hizo ngazi kuliko kwa picha yoyote. Kwetu pia alimfuata baba yake Asteria mara tatu, mguu kwa mguu hadi shambani, mpaka mzee akasalimu amri.

Hillbrow hadi Observatory

Mchana tulikwenda Observatory, mtaa wa mlimani wenye nyumba za mawe na kuta ndefu. Nyumba ya kocha ilikuwa wazi, maboksi yamejaa barazani, lakini mwenyewe hayupo. Jirani yake akatuambia kwa Kiingereza kwamba ameteremka uwanjani. Kesho anasafiri, leo yuko uwanjani. Nikamwambia Mama Nsimire twende upesi.

Tulishuka kilima. Uwanja ni wa shule, nyasi zimechakaa, mistari ya njia imechorwa upya kwa mkono. Wasichana kama kumi na wawili walikuwa wanapima nyayo, kisigino kwa kidole, wakihesabu kwa Kiingereza, Kizulu na Kifaransa. Kila mmoja alipoishia, alichota unga kutoka mfuko wa karatasi akachora alama yake. Nilisimama. Nilifundisha michezo shuleni miaka thelathini na moja, na niliwapimisha wasichana wangu hivyohivyo, nikidhani ni sisi wa Morogoro tu tuliobaki na mtindo huo.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, fimbo magotini, kofia ya kufuma kichwani ingawa jua lilikuwa kali. Nilipiga magoti kidogo.

"Shikamoo kocha."

Alinitazama kwa muda. "Marahaba. Rehema. Eish, umenenepa."

Mama Nsimire alicheka, akatuacha, akaenda kumkaripia Grâce kuhusu nywele.

Kiswahili chake hakijapotea. Ni kilekile cha Morogoro, ila sasa kimechanganyika na "sharp" na "eish" za huku. Aliuliza habari za uwanja wetu, akauliza kama mkuyu upande wa golini ulikatwa. Nilijibu, ulikatwa. Kisha nikaona nikiendelea na miti nitarudi Morogoro na mzigo wangu vilevile. Nikapiga moyo konde.

"Kocha, ile alama niliisogeza mimi. Uliandika ishirini na mbili. Niliongeza tatu. Ulijibebesha kosa lisilo lako, ukapoteza kazi, na mimi nikanyamaza. Nimekuja kukuomba msamaha."

Hakushtuka. Aliwapigia kelele wasichana wawili waliokuwa wakipiga soga kwenye njia ya tatu, kisha akanigeukia.

"Najua ulisogeza. Kabla ya kila mbio natembea njia yote na kuhesabu kila alama. Siku ile nilihesabu ishirini na tano."

Nilifikiri sijamwelewa. "Ulihesabu ukaacha?"

"Nikaacha."

Akanieleza, bila haraka, kama anayeeleza mapishi. Alizaliwa Łódź, mji wa viwanda vya nguo. Mama yake alikuwa kwenye mashine za kusokota, na yeye alianza kukimbia kwenye uwanja wa majivu ya makaa ya mawe, akirudi nyumbani na miguu myeusi hadi magotini. Alikuwa na kasi. Akachukuliwa kwenye timu ya nchi, mita mia, mia mbili, na kijiti cha mwisho. Katika fainali ya maisha yake aliona kwamba mwenzake anayemletea kijiti alikuwa moto siku ile, akasogeza alama yake nyuma nyayo tatu. Kocha wake aliiona, akaifuta kwa kiatu, akairudisha palepale pa zamani bila kusema neno. Kijiti kilipita salama, na yeye akakipokea akiwa bado hajashika kasi. Wakapata medali ya fedha. Wa kwanza aliwazidi kwa kifua. Mwaka uliofuata msuli wa nyuma ya paja ulikatika, na mbio zikaishia hapo.

"Miaka yote nilisema, wangeniachia alama yangu, ningepata dhahabu," alisema. "Halafu nakuta msichana wangu ameongeza nyayo tatu. Zilezile. Nilitaka kuona, Rehema. Nikaona. Niliiambia kamati nimekosea, na nilikuwa nimekosea. Hukunisababishia kitu. Mimi ndiye kocha."

Nitawaambia ukweli, sikufurahi. Nilitegemea nitalia, anishike mkono, yaishe. Badala yake nilikasirika. Nilibeba aibu tangu nikiwa msichana, kumbe yeye alisimama pale na daftari lake akitazama kama itawezekana. Nikamwambia hivyo hivyo, kwamba angeirudisha ile alama tungekimbia salama, na kwamba nimemkasirikia. Akasema, "Una haki." Kisha tukawatazama wasichana. Hasira ilinipungua taratibu, maana na mimi unga ulikuwa mfukoni mwangu, hakunipa yeye.

Ndipo simu yangu ikaita. Ilikuwa ya picha, na kwenye kioo alikuwa Asteria, ameshika simu karibu mno, anaonekana pua na jicho moja.

"Umefika? Hai yupo? Nipe nimwone!"

Nikampa kocha simu. Walisalimiana kwa vicheko. Asteria akamwonyesha kuku, mjukuu, na bati jipya la jikoni. Halafu sauti yake ikabadilika.

"Kocha, mimi sina la kukuletea ila neno moja. Nisamehe kwa siku ile. Nilichelewa. Nilijitahidi, Mungu ananiona, nilinyoosha mkono mpaka bega likauma, lakini miguu haikuwepo. Nilikufukuzisha kazi. Baba alisema ni uvivu, na watu uwanjani waliniita Garimoshi la Mizigo, nami nikakubali kwa sababu ni kweli."

Kocha aliniangalia. Simu ilikuwa mkononi mwake, uso wa Asteria unamtazama kutoka Morogoro, na mimi nilikuwa nimekaa kando, nje ya picha. Ningeweza kusogea nusu hatua tu. Sikusogea.

"Asteria, hukuchelewa," kocha alisema. "Sikiliza. Ulikimbia vizuri sana siku ile."

"Wewe kocha una huruma tu," Asteria akajibu, akacheka, akafuta jicho. "Haya, safari njema kesho. Usitusahau."

Simu ilipokatika, kocha alinirudishia bila kuniangalia. "Sisi wawili tulipeana misamaha," alisema, "na yeye hayumo. Mimi kesho naondoka. Wewe unaishi naye."

Akainuka kwa fimbo, akaenda kwenye njia ya tatu. Mmoja wa wasichana alikuwa amepima nyayo zake akarudi nyuma kidogo kuliko alivyoandikiwa. Kocha alihesabu, akaifuta alama kwa mguu, akaichora upya pa zamani. Kisha akamwambia kwa Kiingereza sababu zake, moja baada ya nyingine, kwa muda mrefu, mpaka msichana akaitikia kwa kichwa.

Jumapili tulimsindikiza, wasichana wote na mama zao. Aliondoka na mfuko mmoja na kofia yake.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuharibika popote, jambo lililoniudhi, kwa kuwa nilitamani ichelewe. Siku nne nilikuwa nikitunga namna ya kusema. Stendi ya Morogoro Asteria alikuwa amefika kabla ya basi. Alinibebea mfuko, akaniuliza kocha alikuwaje, nikasema mzima. Akasema, "Afadhali, nimemwomba radhi kabla hajaenda, sasa nalala vizuri." Nami nikasema, "Vizuri." Hilo ndilo jibu nililompa, na tangu siku hiyo sijalala.

Asteria, najua unasoma, maana karatasi hizi wewe utapewa kwanza. Siku ile hukuchelewa hata kidogo. Niliondoka kabla ya wakati wako, kwa alama niliyoisogeza mimi ili wateuzi wanione mimi, na wewe ukanikimbilia mpaka mwisho wa nguvu zako. Wakakuacha nje ya timu, wakanichukua mimi, nikakubali. Baba yako amekufa akiamini ulikuwa mvivu. Hilo siwezi kulirudisha. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa uwanjani kama kawaida. Nikiona huji, nitakuja kwako, na kama utafunga mlango nitakaa nje mpaka uniambie niondoke.